Sufuria Isiyotiwa Chumvi

Jumamosi ile, saa mbili na nusu asubuhi, Edith Kapya alifunua sufuria kubwa na moyo wake ukatulia. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imefanya kazi yake. Kilichokuwa jana maji ya mifupa sasa kilikuwa kimeganda, kikitetemeka polepole alipogusa ukingo wa sufuria, rangi yake kama chai iliyokolea isiyo na maziwa. Lita kumi na mbili. Alichovya kidole na kukiramba bila kuwaza, kama mama anavyoramba kidole baada ya kumfuta mtoto uji mdomoni.

Kisha akakitazama kidole.

Alichovya tena, safari hii katikati, akaacha kile kipande kiyeyuke juu ya ulimi. Hakukosea. Kulikuwa na chumvi ndani.

Mlango wa jikoni ulijibamiza nyuma yake. Ulikuwa mlango wa aina hiyo: upepo wa majira ya baridi ukivuma kutoka uani, unajifunga kwa kishindo, na mwenye mikono miwili iliyojaa lazima aufungue kwa kiwiko. Edith hakugeuka. Alikuwa akiitazama sufuria kama mtu anavyomtazama ndugu aliyerudi nyumbani na sura isiyo yake.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama mbele ya moto huu, katika mgahawa wa Gauthier, mtaa wa tatu kutoka nyumba aliyozaliwa hapo hapo Kamalondo. Baba yake, Godefroid, alishuka kutoka kaskazini na reli akiwa kijana, akaishia kuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya wakubwa wa mgodi. Jioni alirudi na aproni yake chini ya kwapa, na Jumapili baada ya misa aliwapikia watoto wake kwa mbabula moja, jiko dogo la makala, makaa ya mti, vyakula vile vile alivyowapikia Wazungu kwa majiko sita. Kati ya watoto saba, ni Edith peke yake aliyebaki kutazama.

Ni baba aliyemfundisha tofauti ya bouillon na fond. Bouillon, alisema, ni nyama, mboga na chumvi. Inapikwa saa chache, inamiminwa kikombeni, mtu anakunywa na kushukuru. Imekamilika. Fond ni mifupa iliyokaangwa mpaka ikawa ya kahawia, kisha maji na moto mdogo, kutwa nzima. Fond hainywewi na mtu. Kazi yake ni kuingia katika kitu kingine: inapunguzwa motoni, inapunguzwa tena, lita nne zinakuwa moja, mpaka inakuwa sauce inayoshika mgongo wa kijiko. Kwa sababu hiyo haitiwi chumvi. Chumvi haitoki na mvuke. Maji yanaondoka, chumvi inabaki, na kinachofaa kunywa asubuhi kinakuwa sumu ya ulimi mchana.

“Fond ni ukuta mwenye haujapakwa rangi,” mzee alikuwa akisema. “Usiuonje. Unuse tu.”

Edith alimtii. Jana jioni alikuwa ameichuja fond kwa kitambaa, akainusa, akaridhika, akaifunika. Hakuionja.

Sasa alihesabu saa. Mgeni angekaa mezani saa sita na nusu.

Mgeni huyo ndiye aliyekuwa sababu ya yote. Mademoiselle Tracy alikuwa msimamizi wa nyumba mpya ya wageni upande wa barabara ya Mokambo, na alikuwa akitafuta mgahawa wa kuwapikia wageni wake kila siku ya kazi. Alikuwa amesema wazi anachotaka kuonja: nyama ya kuchoma na sauce ya kahawia, ile halisi. Gauthier, ambaye kwa miezi alikuwa akilalamika juu ya magunia ya makala yanayoliwa na mifupa ya Edith, alikuwa ameleta katoni ya cube, vile vidonge vya mchuzi vya dukani, na kuiweka kwenye rafu, juu kabisa ya kichwa cha Edith, ili aione kila akiinua macho.

“Mama Edith,” alikuwa amemwambia Jumatano, “mi sikuchukii. Lakini ile kijana wa mtaa wa Kenya anatengeneza sauce na cube mu dakika makumi mbili. Samedi ni ya weye. Ikifaulu, unabakia na mifupa yako mpaka uzeeke. Ikianguka, lundi namupatia hii moto. Tunaelewana?”

“Tunaelewana, patron,” Edith alijibu, akijua Jumamosi ni yake na Jumatatu inaweza kuwa ya kijana yule, akaenda sokoni kuchagua mifupa mwenyewe.

Hakukuwa na mifupa mingine. Hata kama ingekuwapo, kutwa nzima isingeingia katika saa nne.

Alitoka uani. Mama Chisanga alikuwa amechuchumaa kando ya beseni, akisugua sahani kwa majivu. Alikuwa ameanza kazi Alhamisi tu, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyekulia Mokambo, mpakani, mwenye mikono mipana na sauti ya chini, aliyekuja mjini kukaa kwa binti yake na kukataa kukaa bure. Karibu na bomba, Gracia, mpwa wa Gauthier, alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, na wimbo wa simu masikioni.

Edith alichuchumaa pia, ili uso wake uwe sawa na wa mwenzake.

“Yaya,” alisema, kama mtu anavyomwita dada mkubwa, “jana, wakati nilienda ku Kenya kutafuta nyama, nani aliingia mu cuisine?”

“Ni mi.”

“Ulitia kintu mu sufuria?”

Mama Chisanga alimtazama Gracia, akaona kwamba hasikii, akasogea mpaka magoti yao yakagusana.

“Nilitia munyu. Gracia hakuona, patron hakuona. Usiogope.”

“Nisiogope nini?”

“Mudogo yangu, si niliona? Jeudi uliambia Gracia, ‘Tia munyu mu muchele.’ Weye mwenyewe haukugusa. Jana tena mifupa inachemka tangu asubuhi, na munyu hapana. Nikasema, maskini, hana mutu wa kumutilia. Nikatia. Mi ile mambo ilishaniachaka zamani, mukono yangu haiko na shida na mutu.”

Edith alielewa, na kuelewa kulimfika kama maji baridi mgongoni. Alhamisi mikono yake ilikuwa imejaa damu ya mifupa. Ndiyo maana alimwambia Gracia atie chumvi katika wali. Lakini upande wa Mokambo, mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi katika chakula cha watu. Wanaokula, inasemwa, kifua kitawabana na kikohozi hakitawaacha. Naye hamwambii mtu. Anasema tu kwa binti au jirani, “Tia munyu,” na aliyeombwa anatia bila kuuliza. Edith alikuwa ameyasikia hayo tangu utoto kutoka kwa majirani, kupitia ukuta wa uani, na nyumbani kwa Godefroid hayakushikwa na akayasahau. Mama Chisanga alikuwa amesikia ombi, akaona aibu ya mwanamke mwenzake, akaifunika. Alikuwa ametenda kama dada.

“Yaya,” Edith alisema, “mi niko na miaka makumi tano na tatu.”

“Eh?”

“Ile mambo na mi iliniacha. Mwaka wa ine sasa.”

Mama Chisanga aliacha kusugua. Alimkagua kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili.

“Basi ni kosa ya uso yako,” alisema. “Inadanganya bantu.”

Edith alikuwa karibu kucheka. Alimweleza kwa maneno machache: fond, chumvi, mgeni, Jumatatu. Alipomaliza, mikono mipana ya Mama Chisanga ilikuwa imezama katika maji na haikutoka.

“Nitamwambia patron,” alisema mwishowe. “Ni mi njo niliharibu.”

“Utamwambia juu ya nini ulitia?”

Mama Chisanga alirudi kwenye sahani yake. Sababu ya namna hiyo haisemwi mbele ya mwanamume, na bila sababu hakuna maelezo. Anabaki kuwa mwanamke mgeni aliyeingiza mkono katika sufuria isiyo yake. Gauthier angemtoa kabla sahani hazijakauka.

“Nyamaza tu,” Edith alisema. “Niachie.”

Alirudi ndani. Mlango ukajibamiza. Saa tatu kasoro dakika tano.

Aliipima ile chumvi tena, safari hii kama mpishi, si kama mtu aliyeibiwa. Mama Chisanga alikuwa na mkono mzuri. Kwa lita kumi na mbili alikuwa ametia kile hasa kinachofaa kunywa, wala zaidi wala pungufu. Kwa sauce, lita hizo lazima ziwe tatu, na chumvi ingekuwa mara nne. Kuongeza maji kungeharibu uzito bila kuokoa lolote. Aliinua macho na kuiona katoni ya cube. Maji, unga, cube nane, rangi kidogo ya sukari iliyoungua: dakika ishirini. Mademoiselle Tracy angekula, Gauthier angefurahi, na Jumatatu kijana wa Kenya angekuja hata hivyo, kwa sababu ni nani atakayemlipia Edith makala kama ameshaonyesha mwenyewe kwamba si lazima?

Mezani kulikuwa na kilo tano za nyama ya paja, nzuri, zilizosubiri tanuri. Aliweka kiganja juu yake. Ikiingia katika tanuri, itatoka saa sita na kuhitaji sauce ambayo haipo. Ikiingia katika sufuria hii sasa, pamoja na karoti na vitunguu na maji ya kuilegeza chumvi, saa tatu baadaye fond haitakuwa fond tena. Itakuwa bouillon, na nyama yake ndani yake, kitu kilichokamilika, cha kunywa na kutafuna. Lakini hakuna aliyeagiza bouillon. Na ikishaingia haitoki. Gauthier angefika saa nne. Kumsubiri ili kumwomba ruhusa kulikuwa kuipoteza saa moja ambayo nyama ngumu haisamehe.

Alichukua kisu. Aliikata nyama katika vipande vinne vikubwa, akavifunga kwa uzi kama baba yake alivyokuwa akivifunga. Kisha akavitumbukiza, kimoja kimoja, na kila kimoja kilishuka bila sauti.

Gauthier aliingia saa nne na dakika tano, shati jeupe, harufu ya manukato, simu mkononi. Alitazama tanuri. Lilikuwa baridi. Alitazama meza. Ilikuwa tupu.

“Nyama iko wapi?”

“Mu sufuria.”

Alifunua kifuniko, akabaki na mvuke usoni. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kula kabla ya kuwa mtu wa hasira, alichukua kijiko akaonja.

“Mais ni tamu,” alisema kwa mshangao. “Mama Edith, leo ni tamu kabisa. Siku zote ilikuwa kama maji ya kuoshea mifupa. Juu ya nini haukufanyaka hivi tangu zamani?”

“Juu leo iko na munyu.”

“Na ni mubaya?”

Edith aliona afadhali amwonyeshe. Alikuwa ameweka kando kata moja ya fond kabla ya nyama kuingia. Aliimimina katika kikaango kidogo, akakisukuma juu ya makala, akapuliza. Walisimama wote wawili wakitazama povu likipanda na kushuka, mpaka kata nzima ikawa vijiko vichache vinavyong'aa. Vilikuwa vizuri kutazama. Alimpa.

Gauthier aliweka ulimi, akageuka, akatema katika ndoo ya maganda.

“Njo sauce yenye ungemupatia Mademoiselle,” Edith alisema.

Alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Sasa hasira ilikuwa imepata njia.

“Nani alitia munyu?”

Gracia alikuwa mlangoni na bakuli la sombe. Nyuma yake Mama Chisanga alikuwa amebeba mnara wa sahani, kidevu juu ya ile ya juu kabisa, na mdomo wake ulianza kufunguka.

“Ni mi,” Edith alisema.

“Weye? Weye mwenye unanipigiaka kelele kama napita na munyu karibu ya moto?”

“Mi njo mupishi. Kintu yote yenye inaingia mu hii sufuria, ni mi.”

“Hiyo haiko jibu.”

“Njo jibu yenye niko nayo, patron.”

Gauthier alimtazama, kisha akawatazama wengine, na kwa nafasi ndogo ya pumzi moja Edith aliona kwamba anakaribia kujua. Sahani juu ya mikono ya Mama Chisanga ziligongana kidogo. Gauthier aliinua mkono, akaishusha katoni ya cube kutoka rafuni, akaiweka mezani mbele ya Edith.

“Kuko masaa mbili. Choma kintu, fanya sauce.”

“Hapana.”

“Mama Edith.”

“Kama unataka cube, ita ule kijana sasa hivi, mi nitatoka. Lakini kama niko hapa mpaka lundi, basi hii moto ni ya mi mpaka lundi.”

Simu yake iliita. Alikata bila kuangalia. “Lundi,” alisema, kama mtu anayefunga mlango, akaenda kupanga viti.

Saa mbili hizo zilikuwa ndefu. Edith aliondoa povu, akaulisha moto makala kipande kwa kipande, akaweka viazi wakati wa viazi. Mama Chisanga aliosha sahani zilizokuwa safi, akazifuta, akaziosha tena.

Mademoiselle Tracy alifika kwa wakati, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye viatu vya kazi na daftari dogo. Alikula peke yake karibu na dirisha. Kupitia ufa wa mlango Edith alimwona akinywa kikombe cha kwanza cha bouillon mpaka chini, akikata nyama kwa upande wa uma, akila viazi. Kisha akaweka uma na kusema kitu. Gauthier akaja.

“Anakuita.”

Edith alivua aproni, akaona kwamba gauni lake chini ya aproni lina doa, akaivaa tena.

“Mama,” Mademoiselle Tracy alisema, “bouillon ni bien, vraiment. Lakini nilikuyia sauce.”

“Najua, Mademoiselle. Leo sauce hapana. Fond ilipata munyu, na fond ya munyu haifanye sauce. Ningeweza kukutengenezea ya cube.”

Gauthier alikohoa.

“Na juu ya nini haukufanya?”

“Ungekula, ungeandika mu ile daftari kama Mama Edith anajua sauce. Na haingekuwa kweli.”

Mademoiselle Tracy alizungusha kalamu kati ya vidole.

“Ya cube ningeitambua,” alisema. “Kwetu kule bananipatia hiyo kila siku. Njo maana niko hapa.” Alifunga daftari bila kuandika, akahesabu siku mpaka Jumanne. “Narudia mardi. Mardi nataka sauce. Kama hakuna, natafuta fasi ingine.”

Alipokwisha kuondoka, Gauthier alibaki amesimama na kikombe kitupu mkononi. Aliangalia ndani yake.

“Mardi,” alimwambia Edith. “Haiko lundi tena. Umebahatika siku moja.”

Jumatatu saa moja asubuhi mifupa ilikuwa tayari kwenye tanuri. Ilipogeuka ya kahawia na kuingia majini, Edith alichukua mkebe wa chumvi, chumvi yote ya jikoni, akatoka nao uani na kuuweka katika mapaja ya Mama Chisanga.

“Itakaa na weye, yaya. Mutu asipoomba, usitoe. Na mi nikiomba, uniulize mara mbili.”

Mama Chisanga aliutazama mkebe kana kwamba ungemuuma. Kisha akaufunga katika pindo la kitenge chake, mafundo mawili, na kutwa nzima akatembea nao kiunoni. Gracia alipotaka chumvi ya sombe ilibidi aje, aeleze ni ya sufuria gani, aonyeshe kijiko.

“Sasa tuko na douane,” Gracia alinung'unika, kama msafiri aliyezuiwa forodhani. “Ile ya Mokambo inapitisha magari mbio kushinda hii.”

“Ile ya Mokambo inakula rushwa,” Mama Chisanga alisema. “Mi sikule. Onyesha kijiko.”

Jioni Edith aliichuja fond, akainusa. Akasita. Kisha, baba yake amsamehe, akachovya kidole na kuonja. Mifupa, moshi kidogo, kitunguu kilichoungua ukingoni, na baada ya hapo hakuna kitu, ukimya, ladha ya kitu kinachosubiri.

Jumanne aliipunguza kuanzia saa tatu. Lita kumi na mbili zikawa nane, nane zikawa tano. Mlango ulijibamiza mara kwa mara, na kila mara moyo wake ulijibamiza nao. Saa sita sauce ilikuwa lita tatu, nyeusi, ikishika mgongo wa kijiko na kubaki. Nyama ilikuwa imetoka tanurini na kupumzika. Gauthier alisimama kizingitini, mikono nyuma, akitazama. Mezani karibu na dirisha Mademoiselle Tracy alikuwa amekwisha kaa.

Edith alipangusa mikono. Ilikuwa safi na mikavu.

“Yaya Chisanga,” aliita, “kuya utie munyu.”

Mama Chisanga aliingia, akafungua fundo la kwanza, akasimama.

“Utie munyu?” aliuliza.

“Utie munyu.”

Alifungua fundo la pili. Alitia kwa vidole vitatu, juu kabisa, ili ianguke kama mvua. Edith akakoroga, akaonja, akatikisa kichwa. Mama Chisanga akatia tena. Edith akaonja. Gauthier alitazama mmoja, akatazama mwingine, na swali alilokuwa nalo tangu Jumamosi lilipita usoni mwake. Lakini sahani zilikuwa zikipoa, akaliacha lipite.

“Kidogo tena,” Edith alisema. “Hapo. Simama.”

Alimimina. Gracia akabeba.

Hawakuchungulia kupitia ufa. Edith alikaa juu ya gunia la makala na Mama Chisanga akakaa kando yake, mkebe kati yao, wakisikiliza. Hakukuwa na cha kusikia: kisu juu ya sahani, kiti, sauti ya mwanamke ikiuliza kitu, sauti ya Gauthier ikijibu. Kisha mkate. Gracia alirudi mbio kuchukua mkate, akasema Mademoiselle anataka wa kufutia sahani.

Gauthier alikuja baada ya nusu saa. Alivuka jikoni mpaka mezani, akaichukua katoni ya cube, haijafunguliwa bado, akaishikilia kidogo kama mtu asiyejua aiweke wapi. Upepo ulivuma kutoka uani. Kabla mlango haujajifunga, aliinama, akaisukuma katoni mbele ya ubao wa mlango kama kizuizi, akaijaribu kwa mguu.

Mlango ukabaki wazi.

“Mademoiselle anaanza lundi,” alisema. “Bantu makumi tatu. Mama Edith, utahitaji sufuria ingine.”